Ukurasa Usiosomwa

Tumezoea kuhakiki tenzi, riwaya na tamthilia, kana kwamba maandishi mengine hayana mtunzi wala nia. Leo nakuomba, msomaji, uketi nami tuhakiki maandishi ya namna nyingine: ukurasa mmoja mfupi, usio na jina la aliyeuandika, ambao umefunguliwa mbele ya macho ya mamilioni ya watu na kusomwa na wachache mno. Ni ukurasa unaotokea kompyuta inapotayarishwa kwa mara ya kwanza, ukimwuliza mwenyewe ni habari zipi za matumizi yake atakazoziruhusu ziende kwa kampuni iliyotengeneza programu. Wengi huubonyeza upite, kama mtu asukumavyo mlango uliokwisha kufunguliwa na mwingine.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na makazi yangu ni Mukuru kwa Njenga, upande wa mashariki wa Nairobi, jirani na viwanda. Kompyuta yetu ya kwanza haikuwa mpya. Ilikuwa imetumikia ofisi fulani ng'ambo, ikachoka huko, ikaletwa mjini, ikauzwa kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu unaweza kuivumilia. Tuliiweka juu ya meza pekee tuliyo nayo, ile ile ya chakula, na mpwa wangu wa kidato cha pili akawa wa kwanza kuichungulia ndani. Hakuanza na michezo kama nilivyotazamia. Alifungua ukurasa wa mipangilio, akatazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mjomba, hapa inaonekana tumekubali mambo mengi. Ni nani aliyekubali?"

Nilikosa jibu la mara moja. Aliyekubali alikuwa fundi wa duka. Ili atuonyeshe kwamba kompyuta inawaka na kufanya kazi, alipita katika maswali yote kwa kubonyeza pale palipokuwa pepesi kubonyezwa. Simlaumu sana, kwa maana alikuwa na wateja watatu nyuma yetu. Lakini swali la mtoto lilibaki mezani. Jina lililokuwa ndani ya kompyuta lilikuwa langu, kazi zitakazofanywa humo zingekuwa zetu, na ridhaa ilikuwa ya mtu ambaye hatutamwona tena.

Basi tuuhakiki ukurasa wenyewe. Nitatumia ule wa Windows, kwa kuwa ndio ulio katika kompyuta nyingi za nyumbani na za shule zetu.

Tuanze na umbo, maana hata shairi hulitazama mtu umbo lake kabla ya kuingia katika maana. Windows 10 ilitolewa tarehe 29 Julai 2015. Katika toleo lile la kwanza, ukurasa wa kutayarisha kompyuta ulikuwa na kitufe kilichoonekana wazi, kikimwalika mtu atumie mipangilio ya haraka. Kwa aliyetaka kuchagua mwenyewe palikuwa na maandishi madogo chini, upande wa kushoto, ambayo jicho lenye haraka huyapita. Mtunzi wa ukurasa huo hakusema uongo hata kwa neno moja. Njia zote mbili zilikuwapo. Lakini mwenye kujua kazi ya lugha anajua kwamba kunong'ona na kupaza sauti si kitu kimoja, hata maneno yakiwa sawa.

Mwaka 2017 ukurasa huo ulibadilishwa. Sasa mambo yaliwekwa wazi zaidi: swichi kadhaa, kila moja na sentensi yake. Moja ilihusu mahali ulipo, nyingine utambuzi wa sauti, nyingine habari za uchunguzi wa hitilafu, na nyingine matangazo. Ni hatua njema, nami siidharau. Hata hivyo swichi hizo zilifika zikiwa zimewashwa. Fikiri, mwanafunzi, karatasi ya mtihani ambayo msimamizi amekwisha kuitia alama kwenye majibu, kisha anakwambia una uhuru kamili wa kuyafuta. Uhuru huo upo, lakini kazi yote ya kuutumia umetwishwa wewe.

Sasa tuyatazame maneno. Katika kurasa nyingi za namna hii zilizofasiriwa kwa lugha yetu, neno linalotumika ni kushiriki: shiriki mahali ulipo, shiriki data zako. Ninaona neno hili limeonewa. Kushiriki katika Kiswahili ni kuingia pamoja na wenzako katika jambo, iwe furaha au msiba, na kila mmoja akawa na fungu lake. Akina mama wa mtaa wetu wana chama chao. Kila mmoja hutoa, kila mmoja huona wenzake walichotoa, daftari huwa wazi, na zamu ya kila mmoja hufika. Hao wanashiriki. Lakini kompyuta inapopeleka habari zangu mahali nisipopaona, nami nisizione za yule anayezipokea, hapo hapana ushirika. Neno lililostahili ni kupeleka, au kukabidhi, au kutoa tu. Mfasiri akiandika "toa habari za mahali ulipo", nadhani watu wengi wangeinua macho na kuuliza, "Nimpe nani?"

Usinielewe kwamba napinga kila kutoa habari. Mfano ulio kinyume upo papa hapa Mukuru. Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu: kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani. Wakazi, wakiwamo wanachama wa Muungano wa Wanavijiji, walipita mlango kwa mlango wakiulizana habari za nyumba, kodi, maji, vyoo na umeme. Watu walieleza mambo ya ndani kabisa ya maisha yao, kwa kuwa aliyeuliza alijulikana, na sababu ya kuuliza ilisemwa. Kutokana na habari za namna hiyo ilidhihirika kwamba mkazi wa vibanda vyetu hulipa maji kwa bei ya juu kuliko mkazi wa mitaa yenye mabomba. Hilo ndilo neno kushiriki likiwa katika nyumba yake.

Neno jingine la ukurasa wetu ni kuboresha. Karibu kila swichi huahidi kuboresha kitu. Mhakiki hana budi kuuliza: kipi, na kwa faida ya nani? Mara nyingine jibu ni la haki. Programu ikianguka ghafula, taarifa ya kuanguka kwake humsaidia fundi wa mbali kuitengeneza, na mimi na wewe tukafaidi. Mara nyingine jibu ni jingine. Kila mtumiaji wa Windows hupewa namba maalumu ya matangazo, ambayo huziwezesha programu mbalimbali kumtambua kuwa ni mtu yule yule, ili aletewe tangazo linalofuata mienendo yake. Je, kuboreshwa kwa tangazo ni kuboreshwa kwa maisha yangu? Napenda kukiri kwamba kuhusu jambo hili ukurasa wenyewe ulikuwa mkweli kuliko nilivyotarajia. Mtu alipoizima swichi ya matangazo, aliambiwa waziwazi kwamba matangazo hayatapungua kwa idadi, ila huenda yasimhusu sana. Sentensi hiyo ndiyo bora kuliko zote katika ukurasa ule, na aliyeiandika angeweza kuwa mwandishi mzuri mahali pengine.

Lakini utazame mwenendo wa sentensi nyingine. Ukiwasha, unaahidiwa. Ukizima, unaonywa: hutapata hiki, hutafurahia kile. Hakuna hata swichi moja ambayo kuizima kunaelezwa kama pato, ingawa pato lipo. Kuwasha kumepewa lugha ya wema, kuzima kumepewa lugha ya hasara. Hiyo ndiyo mbinu kubwa ya ukurasa huu, nayo inapita bila kuonekana kwa sababu kila sentensi, ukiisoma peke yake, ni ya kweli.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba mtu wa Mukuru anazungumzaje habari za faragha, naye analala nyuma ya karatasi ya bati ambayo haizuii hata kikohozi? Swali hilo nimeulizwa na watu wanaokaa katika nyumba za mawe. Jibu langu ni kwamba mtu asiye na ukuta ndiye ajuaye stara ni nini. Kwetu faragha si ukuta, ni adabu. Jirani yangu husikia ninapokaripia, husikia ninapokosa kodi, husikia mtoto anapougua usiku. Asubuhi hunisalimu kana kwamba hakusikia neno. Akijua nina shida huja na swali la jumla, "Mwalimu, mmeamkaje?" na kuniachia mimi niseme au nisiseme. Kusikia hakumpi haki ya kuchukua, wala ya kuhifadhi, wala ya kwenda kuuza. Kompyuta iliyoletwa katika chumba hicho hicho haina adabu hiyo mpaka ifundishwe, na kuifundisha ndiko kuzima swichi.

Usidhani kwamba malalamiko haya ni ya mwalimu mmoja mwenye wasiwasi. Tarehe 20 Julai 2016 tume ya Ufaransa inayolinda habari za watu, iitwayo CNIL, ilitangaza hadharani onyo rasmi iliyoipa Microsoft juu ya Windows 10, ikiitaka irekebishe mambo katika muda wa miezi mitatu. Tume ilisema kwamba habari zilizokusanywa zilipita kiasi kinachohitajiwa, na kwamba ile namba ya matangazo iliwashwa tangu mwanzo bila ridhaa ya mtumiaji. Mwaka uliofuata tume iliufunga mgogoro huo baada ya kuridhika na marekebisho. Miongoni mwa marekebisho hayo, habari zilizokuwa zikikusanywa katika daraja la chini kabisa zilipunguzwa kwa karibu nusu. Tafakari jambo hilo. Ikiwa karibu nusu ya habari iliweza kuachwa na kompyuta zikaendelea kufanya kazi, basi nusu hiyo ilikuwa ikichukuliwa kwa haja gani?

Sisi pia tuna maneno yetu yaliyoandikwa. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya faragha, ikiwa ni pamoja na kutotakiwa bila sababu kutoa habari za jamaa yake au mambo yake binafsi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaeleza kwamba ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, na ya mtu aliyefahamishwa, nayo ionyeshwe kwa kauli au kwa tendo dhahiri. Inataka pia kwamba ulinzi uwe ndani ya mipangilio tangu mwanzo, siyo jambo la kutafutwa baadaye na mwenye subira. Ukizisoma kauli hizo kando ya ukurasa wenye swichi zilizokwisha kuwashwa, utaona maandishi mawili yanayozungumza lugha mbili. Kwa maoni yangu, kuiacha swichi kama ilivyokutwa si tendo dhahiri.

Ridhaa ya haraka tumewahi kuiona kwa macho yetu wenyewe. Mwaka 2023 maelfu ya watu walipanga foleni Nairobi, wengi wao katika jumba la KICC, ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi uitwao Worldcoin, kwa ahadi ya sarafu za kidijitali ambazo thamani yake ilikuwa kama shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo mwanzoni mwa Agosti mwaka ule ule, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari zilizochukuliwa zifutwe. Waliopanga foleni siwacheki. Shilingi 7,000 ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa kwa watu wengi wa mtaa wangu. Nauliza tu ni wangapi kati yao waliopewa ukurasa wa kusoma, na muda wa kuusoma.

Jioni moja, basi, mimi na mpwa wangu tuliketi kuifundisha kompyuta yetu adabu. Ukibonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi I, ukurasa wa mipangilio hufunguka, na ndani yake mna sehemu ya faragha. Nilimtaka asome kila sentensi kwa sauti, kisha anieleze kwa Kiswahili chake kabla ya kugusa kitu. Namba ya matangazo tuliizima. Sampuli za maandishi tunayoyapiga tulizizima. Historia ya shughuli zetu tuliizima. Mahali tulipo tulipazima kwa kompyuta, kwa kuwa meza yetu haiendi popote. Katika habari za uchunguzi tulichagua daraja la lazima peke yake, tukazima matumizi ya habari hizo kwa kututungia mapendekezo, tukabonyeza kitufe cha kufuta zilizokwisha kupelekwa. Kazi hiyo ilituchukua karibu saa nzima, na robo tatu yake ilikuwa kubishana juu ya maana ya maneno. Sijapata kuwa na somo la ufahamu lililo bora kuliko hilo.

Mahali pamoja palitushangaza zaidi, napo hapamo katika sehemu ya faragha bali katika sehemu ya masasisho. Windows ina huduma ambayo kwayo kompyuta yako, ikiisha kupakua vipande vya programu mpya, huweza kuvipeleka kwa kompyuta za watu usiowajua kupitia intaneti. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, katika matoleo ya nyumbani huduma hiyo ilikuwa imewashwa tangu mwanzo. Penye intaneti isiyo na kikomo, huo ni msaada mwema kwa jirani wa mbali. Penye nyumba inayonunua bando kwa shilingi ishirini ishirini, ni kuchota maji ya mtungi wako usiku na kuyapeleka kwa mtu asiyejua kuwa umeyanunua. Tuliizima, kisha tukaiandikia kompyuta kwamba mtandao wetu una kipimo, ili isipakue mambo makubwa bila ruhusa.

Tulifika pia mwisho wa uwezo wetu. Lile daraja la lazima haliwezi kuzimwa katika toleo la nyumbani. Matoleo yaliyotengenezewa makampuni makubwa na taasisi za elimu huruhusu habari za uchunguzi zizimwe kabisa. La nyumbani haliruhusu. Mwenye wanasheria amepewa swichi, mwenye meza moja hakupewa. Mpwa wangu aliuliza sababu, nami nilimwambia aitafute katika ukurasa. Hakuiona, maana haimo.

Na kuna jambo lililotokea baadaye. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya bure ya usalama kama ilivyokuwa ikifanya. Kompyuta nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa toleo hilo hudai vifaa ambavyo hazinavyo. Kwa wenye kompyuta za nyumbani kampuni ilitoa njia tatu za kulindwa mwaka mmoja zaidi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026: kulipa dola 30, au kutoa pointi 1,000 za zawadi zake, au kutolipa chochote ila kuiruhusu kompyuta ipeleke mipangilio yake katika hifadhi ya kampuni, chini ya akaunti ya mwenyewe. Katika eneo la uchumi la Ulaya watetezi wa wanunuzi walilalamika, na mwezi wa Septemba 2025 sharti hilo la kupeleka mipangilio likaondolewa kwa watu wa huko. Kwetu lilibaki. Nasema kama mhakiki: hapa ukurasa umeacha kubembeleza na umeanza kutaja bei. Dola 30 au habari zako. Sioni raha kulisema hili, lakini mizani hiyo ni wazi kuliko sentensi zote za kuboresha, na mtu akiisoma anajua anachokichagua. Mimi nilichagua, baada ya kupiga hesabu ya mwezi, kuipeleka mipangilio. Mpwa wangu hakukubaliana nami, na bado hajakubali.

Wiki ile jirani yangu, yule asiyesikia, alikuja mlangoni. Binti yake alikuwa amenunuliwa kompyuta ndogo ya mkono wa pili kwa ajili ya masomo, na alikuwa amesikia kwamba nyumbani kwa mwalimu kuna kijana anayejua kuzima mambo. Alisema "amesikia" bila kueleza alisikia wapi, na bati liko katikati yetu. Mpwa wangu aliiweka kompyuta hiyo juu ya meza ya chakula, akamvutia binti kiti karibu na kioo, na yeye mwenyewe akasimama nyuma. Ukurasa ulipofunguka, swichi zote zilikuwa zimewashwa. "Soma wewe," akamwambia. "Kompyuta ni yako."